Rutuba Ndiyo Taka: Tuliyojifunza Kwenye Maji ya Ghuba ya Winam

Ukitaja uchafuzi wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, wengi hufikiria chupa za plastiki, mifuko na nyavu kuukuu. Vitu hivyo vipo, na kila kikundi cha usafi wa bichi hujaza magunia navyo. Lakini samaki wa Ghuba ya Winam hawafi kwa chupa. Hufa kwa kukosa oksijeni, na oksijeni huisha kwa sababu maji yamepata rutuba nyingi kuliko yanavyoweza kuitumia. Rutuba hiyo haielei wala haionekani kwa macho: ni fosforasi na naitrojeni zinazoshuka na udongo wa mashamba, zinazotoka vyooni na viwandani, na, sisi tunaofuga samaki kwenye vizimba vya wavu majini tuseme ukweli, zinazotoka kwenye magunia yetu ya chakula cha samaki. Haya yafuatayo ni mambo ambayo kazi ya majini imetufundisha, kuanzia Dunga hadi upande wa Ogal na kushuka Nyakach, na tunayaandika kwa ajili ya mtu anayeteka, anayevua au anayefuga kwenye maji haya.

Kwanza umbo la ghuba lenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 hivi. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hilo, na sehemu kubwa ya shughuli zetu iko kwenye ghuba ya kilomita za mraba 1,400 ambayo kina chake cha wastani hakizidi sana mita 6. Kule Mombasa maji ya bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hiyo uchafu wa Mkondo wa Tudor angalau husukumwa nje na kuletewa maji mapya. Sisi hatuna kupwa wala kujaa. Maji ya Winam hubadilishana na ziwa kuu hasa kupitia mlango wa Rusinga, na ziwa zima lina njia moja ya kutokea juu ya ardhi, Mto Naili pale Jinja. Maji mengi ya ziwa huja kama mvua na kuondoka kama mvuke, na mvuke haubebi fosforasi. Inayoingia inakaa. Tuta la Mbita lililojengwa miaka ya 1980 kuunganisha Rusinga na bara liliziba njia moja ndogo ya maji kwa miongo kadhaa, hadi likaondolewa na kujengwa daraja. Kufungua kulisaidia upande ule, lakini mtu asitarajie kwamba daraja la Mbita litasafisha maji ya Kisumu. Kutoka huko hadi huku ni mwendo mrefu na mkondo ni hafifu.

Kinachoendesha maji ya huku ni upepo. Kuanzia adhuhuri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na kwa kuwa Kisumu iko kwenye pembe ya mashariki ya ghuba, kila kinachoelea husukumwa kwetu: magugu, povu la kijani, mafuta, hata mizoga. Usiku upepo hugeuka na kushuka kutoka milima ya Nandi, na alfajiri utakuta bichi iko wazi kana kwamba hakukuwa na kitu. Ndiyo maana picha ya saa kumi jioni na ya saa moja asubuhi za mahali pamoja zinaweza kuleta ubishi. Zote ni za kweli. Ukiandika hali ya maji, andika saa na upepo unakotoka, la sivyo maandishi yako hayatakufaa baadaye.

Kupima uangavu wa maji hakuhitaji maabara. Diski ya Secchi unaweza kuitengeneza kwa bati au plastiki ngumu: kata duara la sentimita 20, ligawe robo nne, paka mbili rangi nyeusi na mbili nyeupe, toboa katikati, funga kamba isiyovutika na ning'iniza chini yake uzito wa nusu kilo ili isipeperuke. Piga fundo kila sentimita 10. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Teremsha hadi diski ipotee, soma. Zidisha kidogo, kisha ivute polepole hadi ionekane tena, soma. Wastani wa hizo mbili ndio jibu. Karibu na mji mara nyingi hutafika hata mita moja. Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu tope la Mto Nyando na mwani vyote hufupisha kipimo. Chota maji kwenye chupa angavu, iache mahali pasipotikiswa kwa saa kadhaa. Tope litashuka chini. Mwani wa kijani-bluu utapanda juu na kukaa kama rangi iliyomwagika. Njia nyingine ni kijiti: ukikiingiza kwenye utando wa kijani na kikatoka kimebeba nyuzi, huo ni mwani wa kawaida, unakera lakini hauna sumu hii tunayoiogopa. Kikitoka kimepakwa kama brashi ya rangi, huo ndio mwani wa kijani-bluu, ambao kwa kweli ni bakteria. Kwenye ghuba wamepatikana Microcystis na Dolichospermum, na baadhi yao hutoa sumu inayoshambulia ini.

Hapo pana jambo ambalo huwakosesha watu usingizi wakilielewa. Dolichospermum huweza kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Kwa hiyo hata ukipunguza naitrojeni ya vyoo na mbolea, yeye hana shida. Anachohitaji kutoka kwetu ni fosforasi. Ndiyo sababu, kwa maoni yetu, mtu mwenye nguvu chache azitumie kuzuia fosforasi kwanza.

Sasa oksijeni. Mwani huizalisha mchana kwa nguvu ya jua na kuitumia usiku kucha, kwa hiyo kipimo cha saa tisa alasiri hudanganya kwa uzuri wake. Kipimo kinachookoa samaki ni cha saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukipata miligramu 10 kwa lita mchana na 3 alfajiri, elewa kwamba maji hayo yanaendeshwa na mwani, na siku mwani huo utakapokufa kwa pamoja hakutakuwa na kitu cha kuwategemeza samaki. Ngege (sato) hula vizuri maji yakiwa na miligramu 5 au zaidi, huanza kusumbuka chini ya 3, na mbuta (sangara) husumbuka mapema kuliko ngege.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la kifaa chenyewe. Kisumu iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa pwani hubeba kama miligramu 8.3 kwa lita. Hapa kwetu ni kama 7.2. Kipima-oksijeni kisicho na kipima shinikizo ndani yake, kikisawazishwa hewani bila kuingiziwa mwinuko wa mahali, hudhani kiko Mombasa, na kila namba kitakayokutolea itakuwa imezidi kwa karibu asilimia 14. Unasoma 3.4 na kutulia, kumbe maji yana 3.0. Kosa la pili ni kwa vifaa vya utando: ncha yake hula oksijeni ya maji yaliyoizunguka, kwa hiyo usipoitikisa taratibu namba hushuka yenyewe. Vile vya mwanga havina tabia hiyo, ila navyo vinataka muda wa kutulia. Na usipime juu tu. Pima sentimita 30 chini ya uso, katikati ya kizimba, chini ya wavu, na nusu mita juu ya sakafu ya ziwa bila kugusa tope. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho ndiyo inayotangulia hatari.

Maji ya chini yanaweza kukaa bila oksijeni siku nyingi huku ya juu yakiwa salama, kwa sababu jua limeyapasha ya juu yakawa mepesi, na tabaka mbili hazichanganyiki. Kisha huja dhoruba. Upepo mkali husukuma maji ya juu upande mmoja, na ya chini hupanda upande wa pili yakiwa hayana hewa na yakiwa na harufu ya mayai viza. Au mvua kubwa ya usiku hupoza maji ya juu hadi yazame na kuyageuza yote. Pale palipo na kina kidogo, mawimbi hulivuruga tope lenyewe, na tope lililojaa mabaki ya mwani na kinyesi cha samaki hunyonya oksijeni papo hapo. Vifo vya samaki wa vizimba vya Novemba 2022 kwenye maji ya Kisumu vilielezwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kwa njia hii: maji ya chini yaliyokosa oksijeni yalipanda. Wafugaji wengi walishuku sumu, na huwezi kuwalaumu, kwa sababu samaki waliolala wazima waliamka wanaelea. Lakini kasi hiyo ndiyo tabia ya maji kugeuka.

Mtu mwenye kizimba afanye nini akiona dalili? Dalili ni hizi: samaki wanatweta juu alfajiri, wanakataa chakula, fulu (wale samaki wadogo wa kienyeji) wanasogea kingoni, rangi ya maji inageuka ghafla kutoka kijani kuwa kahawia au kijivu. Cha kwanza ni kuacha kulisha, siku hiyo hiyo. Samaki anayemeng'enya chakula hutumia oksijeni zaidi, na chakula kisicholiwa huoza. Cha pili ni kupunguza idadi: waliofikia ukubwa wa kuuzwa wavunwe kabla hawajafa, kwa sababu baada ya hapo hawana soko wala hawapaswi kuwa nalo. Cha tatu ni kuvuta vizimba kwenda kwenye kina zaidi, lakini hili linawezekana tu ikiwa nanga na kamba zilifungwa kwa namna ya kufunguka. Vizimba vilivyosukwa pamoja kwa nyaya havisogei usiku wa dhoruba. Pampu ya kupuliza hewa husaidia kizimba kidogo ukiwa nayo tayari na mafuta yamo. Kuitafuta mjini wakati samaki wanatweta ni kuchelewa. Msichochee maji kwa injini ya mtumbwi kwenye kina kifupi, maana propela huinua tope na kumaliza kilichobaki.

Tuje kwenye mchango wetu wenyewe. Chukua tani moja ya ngege waliokuzwa kwa tani moja na nusu ya chakula. Chakula chenye fosforasi ya asilimia 1 kimeleta kilo 15. Miili ya samaki imebeba kama 8. Zilizobaki 7 ziko ziwani. Upande wa naitrojeni, chakula chenye protini ya asilimia 30 kimeleta kilo 72, samaki wameondoka na kama 25, na 47 zimebaki majini. Mtu mzima hutoa takriban nusu kilo ya fosforasi kwa mwaka, kwa hiyo tani hiyo moja ya samaki ni kama vyoo vya watu 14 vilivyoelekezwa ghubani kwa mwaka. Na ukilisha ovyo ukatumia tani mbili za chakula kwa tani moja ya samaki, fosforasi inayobaki inaruka kutoka kilo 7 hadi 12. Nusu tani ya chakula imepotea, fedha imepotea, na umeongeza mwani utakaokunyima oksijeni.

Kwa hiyo kulisha ndiko udhibiti wa uchafuzi ulio mikononi mwetu. Kizimba chenye ngege 1,600 wa wastani wa gramu 200 kina kilo 320 za samaki. Kwa kiwango cha asilimia 2.5 ya uzito ni kilo 8 kwa siku, zigawe mara mbili au tatu. Usianze kabla ya saa tatu asubuhi, jua liwe limerudisha oksijeni. Siku za mawingu mfululizo, kata nusu. Zungushia sehemu ya kulishia pete ya bomba la plastiki ili chembe zinazoelea zisitoke na mawimbi kupitia machoni mwa wavu. Chekecha gunia kabla ya kutumia: vumbi lililo chini haliliwi na samaki, linakwenda moja kwa moja kwenye maji, na gunia lenye vumbi jingi lirudishwe kwa muuzaji. Pima uzito wa samaki wachache kila baada ya wiki mbili na urekebishe kiasi. Anayelisha kwa kukadiria tangu mwezi wa kwanza hukosea pande zote, kwanza akizidisha, baadaye akipunguza.

Mahali pa kuweka kizimba hapachaguliwi kwa kuwa karibu na mlinzi. Tunashikilia kwamba kina cha maji kiwe angalau mara mbili ya kina cha wavu, na zaidi ya hapo ni bora, ili kinyesi kitawanyike na samaki wasikae juu ya tope lao. Kwa kipimo hicho, ghuba ndogo nyingi za ndani karibu na mji hazifai kabisa. Safu za vizimba zikate upepo badala ya kufuatana nao, vinginevyo kizimba cha mwisho hupokea maji yaliyotumiwa na vyote vilivyotangulia. Acha nafasi isiyopungua upana wa kizimba kimoja. Nyavu zikiota utelezi wa mwani, maji hayapiti hata kama oksijeni nje ni nzuri. Ziswakiwe au zibadilishwe, na zikaushwe juani nchi kavu badala ya kukwanguliwa hapo hapo majini. Baada ya mizunguko kadhaa hamisha kizimba ili sakafu ipumzike. Ukichota tope chini ya kizimba cha zamani likawa jeusi na linanuka, mahali hapo pamechoka.

Samaki wakifa kwa wingi, kila mtu hutafuta wa kumlaumu. Kuna mambo yanayosaidia kuamua. Ukosefu wa oksijeni huua alfajiri, huanza na wakubwa, na hubagua: mbuta na ngege hufa, lakini kamongo na mumi ambao huvuta hewa ya juu hubaki hai. Sumu ya kiwanda au dawa ya shamba haijali saa, na mara nyingi huanza na wadogo, na wadudu wa majini hufa pia. Ukikuta hata kamongo amekufa, anza kuuliza maswali ya mtoni juu. Lakini uliza ukiwa na ushahidi. Chota maji mara moja kwenye chupa safi iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze hadi shingoni, iweke kwenye barafu gizani. Chukua samaki anayetweta, asiwe aliyevimba; aliyeoza hawezi kueleza chochote maabara. Andika saa, mahali, upepo, joto la maji na oksijeni. Waarifu BMU (kamati ya usimamizi wa bichi) na afisa wa uvuvi siku hiyo. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka mipaka ya maji taka yanayoachiliwa, kwa mfano oksijeni ambayo uchafu wake hunyonya ukioza kwa siku tano isizidi miligramu 30 kwa lita, na malalamiko yenye namba husikilizwa tofauti na yenye hasira. Mizoga isitupwe ziwani. Ichimbiwe shimo la kina cha mita moja na zaidi, juu ya mstari wa mafuriko, na kufunikwa kwa chokaa na udongo.

Magugu maji nayo ni rutuba iliyoota majani. Yalitoka Amerika Kusini, yakafika upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kilele chake kilikuwa karibu na 1998. Wadudu fukusi wa jamii ya Neochetina waliachiliwa Kenya mwaka 1997 na wamefanya kazi kubwa kuliko mashine yoyote, ila huchukua miaka, na zulia likizama au likisombwa na mafuriko fukusi huenda nalo. Kabla ya kung'oa, tazama majani: yakiwa na makovu madogo ya mraba-mraba na mashina yametobolewa, fukusi wako kazini, basi acha sehemu ya zulia hilo kama mbegu ya wadudu. Katika uzito wa gugu, karibu asilimia 95 ni maji. Tani mbichi hukauka ikawa kilo 50. Kwa hiyo mpango wa kulisafirisha kwa lori kabla halijakauka unalipia maji. Likaushwe kwanza, lakini si ukingoni, kwa maana maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye lundo yanarudisha ile ile rutuba ziwani. Mashine inayokatakata na kuacha vipande vizame ni mbaya zaidi: vinaoza chini na kunyonya oksijeni. Na mbegu hukaa hai kwenye tope miaka 15 au zaidi. Ziwa lilipopanda sana 2020 likafunika mashamba na kisha kurudi nyuma, tope lililobaki wazi lilikuwa kitalu tayari. Miche michanga ya kingoni ndiyo ya kung'oa kwa mkono, ikiwa bado na majani matatu manne.

Sasa maji ya kunywa, na hapa tunaomba msomaji asome polepole. Maji ya kijani hayatakaswi kwa kuchemsha. Kuchemsha huua kipindupindu na homa ya matumbo, lakini sumu ya Microcystis haiharibiwi na moto wa jikoni, na seli zikipasuka ndani ya sufuria zinaimwaga yote. Klorini ikitiwa kwenye maji ya kijani hupasua seli vile vile, tena huisha kabla haijaua viini vya magonjwa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa sumu hiyo kwenye maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 tu kwa lita. Njia ni kuondoa seli zikiwa nzima. Teka mbali na ukingo na chini ya uso, kama sentimita 50, upande ambao upepo unatoka. Tumia shabu: yeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi, kisha panga chupa angavu tatu za lita moja za maji ya ziwa, utie mililita 2, 4 na 6 za maji hayo ya shabu kwa sirinji. Koroga haraka dakika moja, polepole dakika kumi, uache nusu saa hadi saa nzima. Chupa iliyoangaa kwa dawa kidogo zaidi ndiyo kipimo chako cha siku hiyo. Kesho kinaweza kubadilika. Mimina yaliyo juu bila kuvuruga chini, pitisha kwenye mchanga, ndipo utie klorini, na baada ya nusu saa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Mashapo yafukiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu seli zikifia humo sumu inatoka. Siku ambazo povu la kijani limeganda bichini, njia hii haitoshi; tumia mvua, bomba au kisima, na ng'ombe wasinywe hapo.

Plastiki tuitaje kwa kifupi. Tangu marufuku ya mifuko ya Agosti 2017 magunia ya usafi yamejaa chupa na vipande vya nyavu badala ya mifuko, na nyavu zilizotupwa huendelea kuvua bila mwenyewe. Utafiti uliofanywa Mwanza ulikuta plastiki ndogo kwenye matumbo ya sangara na sato, samaki mmoja kati ya watano. Usafi uendelee, lakini mfadhili anayelipia fulana za siku ya usafi angefanya zaidi akilipia kumwaga vyoo vya shimo vya mtaa mmoja wa kingoni kabla ya mvua ndefu, na kuhakikisha gari la kunyonya linamwaga mahali panapostahili.

Juu mashambani, fosforasi husafiri imeshikamana na chembe za udongo. Ukizuia udongo umeizuia. Kwenye miteremko ya Nyando, mstari wa matete ya ng'ombe au vetiva kufuata kontua hufanya kazi. Mbolea ya DAP iwekwe ndani ya shimo na kufunikwa, isirushwe juu, na isitiwe wingu likiwa limeshajifunga. Sheria inataka mita 6 hadi 30 za ukingo wa mto zisilimwe. Mafunjo yaliyobaki kwenye midomo ya mito yakatwe kwa zamu, juu ya maji, na yapewe nusu mwaka au zaidi ya kurudi; anayeyakata kwa mikeka anaondoa rutuba ziwani bila kulipwa kwa kazi hiyo, anayeyachoma anairudisha.

Na ukitaka kujua mto unaleta kiasi gani, usipime Januari. Sehemu kubwa ya mzigo wa mwaka hupita katika siku chache za mafuriko, hasa maji ya kwanza baada ya kiangazi, wakati mto unakokota kila kilichokuwa kimelala mashambani na mitaroni. Chota katikati ya mkondo kutoka darajani kwa ndoo na kamba, ukitikisa ndoo kabla ya kujaza chupa ili udongo usibaki chini yake, kila saa mbili maji yakipanda na tena yakishuka. Andika urefu wa maji kwenye nguzo ya daraja pamoja na kila chupa, kwa sababu maabara itakupa miligramu kwa lita, na bila kujua lita ngapi zimepita huwezi kupata kilo.